Mche wa Tuta la Arobaini na Tatu

Kazi yangu ilikuwa kuhasi maua. Ukiwaambia watu wa mjini wanacheka, lakini ndivyo ilivyo. Unapiga magoti kwenye tuta la maharagwe asubuhi na mapema, unafungua tumba la ua kwa kibano kabla halijafunguka lenyewe, unang'oa vichwa vya chavua kimoja kimoja, vyote kumi, kisha unalipaka chavua ya mmea mwingine ambao mtafiti amekuchagulia. Mkono ukitetemeka kidogo tu, ua limekufa. Niliifanya kazi hiyo kila kiangazi kwa miaka tisa, kwenye kituo cha utafiti cha kwetu Tokachi, kaskazini kwenye baridi, maana shamba letu peke yake halikuwa likitutosha na vidole vyangu vilikuwa vyembamba.

"Laiti ningeijua kazi hii nikiwa mwari," mwenzangu Fusae alikuwa akisema, ameinama kwenye tuta la pili. "Mume wangu angeshanyooka zamani."

"Kibano chenyewe kidogo hiki, Fusae."

"Kwake kinatosha na kubaki."

Mwalimu Hirabayashi, mtafiti wetu, alikuwa akijifanya hasikii. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mikono ya shati imechakaa, na alikuwa na shida moja tu duniani: alitaka haragwe jekundu lisilodondosha maua wakati wa baridi. Haya maharagwe mekundu madogo, yanayopondwa na sukari kujazwa kwenye mikate na maandazi ya sikukuu, ndiyo yaliyotulisha mjini na mashambani kote Tokachi. Lakini yana tabia ya kukudanganya. Baridi ya kiangazi haiyaui. Majani yanabaki mabichi, yananawiri, unapita barabarani unasema mwaka huu tumepata. Kumbe chavua imeshakufa ndani ya tumba, na ua likifunguka linaanguka bila kuacha ganda.

Kulikuwa na haragwe moja lisilojali baridi. Mwalimu alilipata kwenye kitongoji cha milimani, kwa mjane mmoja aliyekuwa akilipanda nyuma ya nyumba yake. Lilikuwa dogo, jeusi, gumu kama changarawe. Tulilipa jina la Kunguru. Hakuna mtengeneza vitamu aliyekubali hata kulionja mara ya pili. Kwa miaka kumi na moja Mwalimu alikuwa akiliozesha Kunguru kwa maharagwe yetu mekundu, na kwa miaka kumi na moja watoto walitoka kwa namna mbili tu: wekundu wanaokufa na weusi wanaoishi.

Siku moja nilimuuliza kwa nini. Akachomoa uzi kwenye mkono wa shati lake, akaufunga mafundo mawili yaliyokaribiana.

"Urithi unakaa hivi, Bi Mitsue. Kwenye uzi. Fundo hili ni kuvumilia baridi. Hili la pili ni weusi na udogo. Yamekaa bega kwa bega, kwa hiyo mzazi akimpa mtoto moja, anampa na la pili. Ninachotaka mimi ni uzi ukatike hapa." Akaonyesha kwa ukucha, katikati ya mafundo. "Ukatike hapa, uungane na uzi wa yule mzazi mwekundu."

"Na huwa unakatika mara ngapi?"

"Labda mara moja kwenye elfu mbili. Labda kwenye elfu tano. Labda..." Akauviringa ule uzi, akautia mfukoni.

Hata ukikatika, utajuaje? Lazima baridi ije, ije wakati wa maua, iue wote wasiostahili ili umwone anayestahili. Chumba cha baridi cha kituo kilikuwa kinachukua vyungu sitini tu. Kwa hiyo kila mwaka Mwalimu alipanda miche elfu tano kwenye shamba la juu, chini ya mlima, mahali ukungu unaposhukia, akasubiri mwaka mbaya.

Ukaja mwaka wa themanini na tatu.

Majirani zetu walikuwa wamechanganya mazao, viazi hapa, ngano pale. Mume wangu Tetsuji alisema bei ya maharagwe imepanda na miaka miwili iliyotangulia ilituumiza, kwa hiyo safari hii atapanda maharagwe mpaka mlangoni. Akapanda mpaka mlangoni kweli. Ukichota maji kisimani miguu ilikuwa inagusa majani. Julai ilipofika tarehe ishirini, maua yakaanza, na siku ileile ukungu ukatoka baharini ukalala. Ulilala siku kumi na saba. Mchana joto halikupita nyuzijoto kumi na tatu. Tulikuwa tunapumua tunauona mvuke, mwezi wa nane.

Jioni moja nilirudi kutoka kituoni nikamkuta Tetsuji amepiga magoti kwenye tuta la karibu na nyumba. Alikuwa ameweka kofia yake chini na anaokota maua ya manjano yaliyoanguka, anayatia kwenye kofia. Ilikuwa imejaa.

"Baba, inuka. Utapata mafua."

Akanyanyua kofia akaniletea mpaka kifuani.

"Wewe si ndiye fundi wa maua? Haya. Yarudishie."

Sikujua kama anatania. Nilimtazama machoni nikaona hatanii. Nikaipokea ile kofia, maana sikuwa na jambo lingine la kufanya, nikasimama nayo.

Mama mkwe wangu, Mama Tome, alikuwa ameketi kwenye kizingiti anamenya figili. Macho yake yalikuwa yameshafifia, lakini masikio hayakuwa na tatizo.

"Msianze kulia," alisema. "Mimi nikiwa na miaka saba tulikula mizizi ya mlimani majira mazima. Bado hamjala mizizi."

"Mama, nyamaza," Tetsuji akasema.

"Nanyamaza. Nasema tu hamjaila."

Kule kituoni mambo yalikuwa tofauti, na hilo ndilo lililonikereketa. Mwalimu alikuwa anatembea haraka. Alikuwa anapanda kwenda shamba la juu mara tatu kwa siku na kipimajoto mkononi, na mara moja nilimsikia anapiga mluzi.

"Mtazame," Fusae alininong'oneza. "Sisi tupo matangani, mwenzetu bwana harusi."

Tulipomfikia, Mwalimu aligeuka, uso unang'aa kwa ukungu. "Huu ndio mwaka niliousubiri," alisema.

"Kwetu yamedondoka yote, Mwalimu," nikamjibu.

Uso ukamwiva. Akavua kofia, akainama mbele yangu mpaka nikaona upara wa utosini. "Nisamehe. Nimesema upumbavu mkubwa." Alisikitika kweli, ninaamini. Lakini kesho yake mwendo wake ulikuwa uleule wa haraka.

Habari zilimfikia Tetsuji, nadhani kwa mume wa Fusae. "Mwambie mwalimu wako aje achekee huku," aliniambia wakati wa chakula. Baada ya hapo hakutaka tena kusikia neno kituo ndani ya nyumba.

Ukungu ulipoondoka, maharagwe yetu yalijaribu kutoa maua ya pili. Machache yalishika. Ukibonyeza ganda ulikuta punje moja ndani, au mbili, kijani kibichi, na Septemba ilikuwa imeshaingia. Mtu yeyote aliyezaliwa Tokachi angekuambia hazitakomaa. Tetsuji alipita matuta yote kwa zamu, anayabonyeza maganda kana kwamba anapima mapigo ya mgonjwa. "Yakipata wiki tatu tu," alikuwa anasema. "Wiki tatu za jua." Mimi niliitikia ndiyo.

Shamba la juu nako kulikuwa makaburini. Kati ya miche elfu tano, kama mia tatu tu ndiyo ilikuwa na maganda ya kueleweka. Kazi yetu ilikuwa kufungua ganda moja la chini, linalotangulia kukauka, na kuandika rangi. Nyeusi. Nyeusi. Ndogo nyeusi. Nyeusi. Tulifanya hivyo siku nne. Fusae aliacha utani.

Tarehe kumi na tatu, kwenye tuta la arobaini na tatu, nilifika kwenye mche mmoja uliosimama kati ya wenzake watupu. Ulikuwa na maganda kumi na manne. La chini lilikuwa limeanza kuwa kahawia. Nikalipasua kwa ukucha. Ndani zilikuwamo punje tano, nene, nyekundu.

Nililifunga tena. Nikatazama mlima. Nikalifungua tena nikidhani labda ni mwanga. Zilikuwa nyekundu kama zile tunazopika na mchele siku ya harusi.

"Fusae," nikaita, "mwite Mwalimu!"

Mwalimu alikuja anakimbia, akaanguka njiani, akainuka. Alipiga magoti mbele ya ule mche na hakuugusa. Alijaribu kuhesabu maganda, akapotea, akaanza upya, akapotea tena, mpaka Fusae akamhesabia.

"Hata huyu bado hatumjui," alisema baadaye, anajifuta uso. "Baadhi ya watoto wake watarudi kufa kama zamani. Lakini baadhi, Bi Mitsue. Baadhi."

Tatizo ni kwamba wakubwa wa utafiti kule Sapporo walikuwa wameshachoka naye. Miaka kumi na moja, shamba zima, bila mbegu moja ya kumpa mkulima. Walikuwa wamemwita kikaoni Jumatatu ya tarehe kumi na tisa ili waamue kama shamba la juu lifungwe. Akaondoka Jumapili asubuhi na lile ganda moja kwenye kisanduku cha kiberiti. Kabla hajapanda basi alisema maganda kumi na tatu yaliyobaki yanahitaji siku kumi tu. Sakitu ya kwanza, ule umande unaoganda usiku na kuunguza majani, kwetu huanguka Oktoba. Hakuwa na wasiwasi.

Jumapili hiyohiyo, tukiwa tunakula supu ya miso na wali wa asubuhi uliobaki, redio ikatangaza. Anga litakuwa wazi, upepo utatulia, sakitu kali itaanguka Tokachi yote kabla ya mapambazuko.

Tetsuji aliweka vijiti mezani. "Moshi," akasema. "Tutawasha moshi shamba zima. Makapi ya mpunga yapo kwenye pikapu, nitakwenda kwa jirani Nagasawa kuchukua matairi mabovu. Mama atakaa upande wa nyumba, wewe katikati, mimi kule mwisho. Moshi ukilala juu ya majani, sakitu haishuki."

Nilikwenda kwenye simu nikapiga kituoni. Iliita, ikaita. Jumapili. Nikampigia Fusae, mumewe akaniambia wapo shambani kwao wanatandika mikeka juu ya mazao, kama watu wote. Nikarudi jikoni nikatoa mifarishi miwili kabatini, wangu na wa Tetsuji, nikachukua funguo za pikapu ukutani.

Tetsuji alinikuta uani nashusha makapi. Nilikuwa nimeshashusha nusu.

"Unafanya nini?"

"Nakuachia nusu. Nusu nakwenda nayo juu."

"Juu wapi?"

"Kuna mche mmoja, Baba. Mwalimu hayupo. Hakuna mtu kule."

Alinitazama kama mtu anayesubiri nimalizie sentensi. "Mche mmoja," akasema. "Mimi nina shamba zima."

"Najua."

"Na matairi nitayabeba mgongoni?"

Nikapanda nikawasha gari. Akaja akasimama mbele yake, mikono imening'inia tu, hakuiweka hata juu ya boneti. Tungekaa hivyo mpaka leo. Mama Tome ndiye aliyepiga kelele kutoka kizingitini.

"Mwache aende au mfunge kamba! Msisimame hapo kama vinyago, jua linazama!"

Tetsuji akasogea pembeni. Nilipompita alisema dirishani, taratibu, bila hasira, "Ukienda, usije kunisimulia habari za huo mche."

Nikaenda.

Njia ya shamba la juu ni dakika arobaini. Nilifika bado kuna mwanga. Nilitafuta masanduku ya mbao kwenye banda la vifaa, nikayapanga kuuzunguka mche pande zote nne, nikafunika kwa mfarishi wa kwanza, kisha wa pili, nikazungushia makapi kwa mbali kidogo, nikayawasha yakaanza kufuka. Nilipoinuka kunyoosha mgongo nikaitazama nchi tambarare kule chini. Moshi ulikuwa unapanda kila mahali, kila shamba na moshi wake, makumi kwa makumi. Nilijaribu kuutambua wa kwetu. Sikuweza. Niliufuata mto kwa macho, nikahesabu daraja, nikahesabu safu ya miti, na bado sikuweza.

Niliyachochea makapi mpaka yakaisha. Yalipoisha nilivua koti nikaliweka juu ya mifarishi, nikaingia ndani ya pikapu, nikalia kwa sauti, maana hapakuwa na wa kunisikia.

Kulipopambazuka dunia ilikuwa nyeupe. Majani ya tuta zima yalikuwa yamesimama wima, yamekakamaa, na jua lilipoyagusa yakalegea yakawa meusi palepale. Mfarishi wa juu ulikuwa mgumu kama ubao. Nikauondoa, nikauondoa wa pili. Kilele cha mche kilikuwa kimeungua. Chini ya hapo ulikuwa mzima. Niligusa maganda moja moja, yote kumi na matatu, yalikuwa na uvuguvugu kidogo, au labda vidole vyangu ndivyo vilivyokuwa vimekufa ganzi.

Nyumbani nilikuta shamba lote limepikika. Hakuna jani lililobaki. Katikati kulikuwa na madoa meusi ya moto, na nikaona kwamba vichanja vyetu vyote vya kuanikia maharagwe havipo, wala uzio wa kuku, wala mlango wa ghala. Alikuwa amevichoma. Mama Tome alikuwa amelala sebuleni na nguo zake za shamba, anakohoa. Tetsuji alikuwa ameketi juu ya kapu lililofudikizwa, uso mweusi kwa masizi, macho mekundu.

Nikapiga magoti mbele yake. "Baba. Lilikuwa limeshakufa hili shamba. Hata moshi ungekuwa wa nchi nzima, usingeliokoa."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Nilijua tangu Agosti. Unadhani mimi mjinga? Nimelima maharagwe tangu naota jino." Alikuwa anatazama mikono yake. "Nilitaka tu uwepo."

Nimeishi na maneno hayo. Angenipiga, angenitukana, ningekuwa na la kusema.

Mwalimu alirudi Jumanne. Wakubwa walilitazama lile ganda, wakapokezana, mmoja akasema ganda moja si mbegu. Shamba la juu likafungwa. Walimwachia banda la kioo na chumba cha baridi mpaka atakapostaafu, miaka miwili. Alipoona mche wake mzima chini ya masanduku alinishika mikono yote miwili, jambo ambalo mtu wa kwetu hafanyi, na akaniuliza kwetu kumekuwaje. Nikamwambia. Akaiachia mikono yangu polepole. Kati ya maganda kumi na matatu, tisa yalikomaa. Punje arobaini na moja.

Novemba Tetsuji alikwenda kusini kuchimba mahandaki ya reli, pamoja na wanaume wengine kumi na watano wa kijiji. Shamba tulimkabidhi Nagasawa kwa ajili ya madeni, tukabaki na nyumba na kipande cha kupandia figili. Kituoni nilihamia kwenye banda la kioo. Tulipanda punje thelathini, tukaficha kumi na moja. Zilipofikia kutoa maua Mwalimu alizitia kwenye chumba cha baridi kwa siku kumi, nyuzijoto kumi na tatu mchana, nane usiku, kiangazi kile kile tulichotoka kukizika. Kila asubuhi nilifungua mlango ule nikiwa nimefumba macho. Kumi na tisa zilidondosha maua yote. Kumi na moja zikashika maganda, na yalipokomaa mwezi wa tatu, kila ganda lilikuwa jekundu ndani.

Tetsuji alikuwa anapiga simu Jumapili. Alikuwa amenikataza, lakini nilimwambia hata hivyo, haraka haraka, kabla hajauliza hali ya hewa. Upande wa pili kulikuwa na sauti za watu wanaooga na kupiga kelele.

"Kumi na moja," akasema mwishowe.

"Ndiyo, kati ya thelathini."

"Na mkulima atapata gunia lini?"

"Mwalimu anasema miaka minane. Kama halitatokea baya."

"Nitakuwa na miaka hamsini na tisa," Tetsuji akasema. "Nitalipanda wapi?"

Nilisikia anapumua. Kisha akaniuliza kama mama yake anakula. Nikamwambia anakula kidogo, kile kikohozi hakijamwacha. Akasema nimpikie uji wa mchele na plamu ya chumvi, huo hana tabia ya kuukataa. Nikasema nitampikia. Simu ikakatika.

Mama Tome alikuwa ameketi karibu na jiko, ameelekeza uso dirishani ingawa haoni tena kilicho nje.

"Amesema anarudi lini?"

"Hakusema, Mama."

Nikaenda kuosha mchele.